Dawa inayoziba sikio la kansa ya titi

Wamama wa Kinsevere, wengi kati yetu tunaficha kivimbe cha titi mpaka kianze kuuma. Tusome kwanza habari hii. Mwaka 1987 daktari Dennis Slamon wa Marekani na wenzake walionyesha kwamba kansa za titi zenye HER2 nyingi kupita kiasi ni kali zaidi. HER2 ni kama sikio juu ya seli: hupeleka ndani amri ya kuzaana. Masikio yakizidi, seli hazipumziki. Tangu 1998 kuna trastuzumabu, kingamwili (askari wa mwili, ila huyu ametengenezwa na wataalamu) inayoziba sikio hilo. Bei yake, kweli, inatisha. Nayo huwafaa wenye HER2 nyingi tu, karibu mgonjwa mmoja kwa watano. Basi wakikata kipande cha kivimbe kwenda kukipima Lubumbashi, tuulize papo hapo: na HER2 itapimwa?