Tusitapishe Vyoo Mitaroni

Mkojo, kinyesi na baadhi ya sabuni za unga vina fosforasi. Shambani ni mbolea. Majini hulisha magugu. Katika miaka ya 1990 magugumaji yaliziba bandari za Ziwa Victoria.

Fosforasi yaweza kuondolewa na bakteria, kama mhandisi James Barnard alivyoonyesha Afrika Kusini miaka ya 1970. Maji taka hupitishwa kwanza katika tangi lisilo na hewa, kisha lenye hewa. Humo bakteria huifyonza kwa wingi. Tope lao likitolewa, nayo huondoka.

Lakini choo cha shimo kikitapishwa mtaroni wakati wa mvua, uchafu haupiti tangi lolote. Huenda visimani na baharini, na waweza kubeba kipindupindu. Ndugu msomaji wa Ngamiani, choo kikijaa, ita gari la kunyonya maji taka.