Mathenge Garissa: kijani iko, nyasi hakuna

Ukicheki kando ya Mto Tana pale Garissa, kijani ni mob. Usidanganyike buda, nyingi ni mathenge, mti wa Marekani ya Kati na Kusini uliopandwa Bura na Hola miaka ya 1980 kuzuia jangwa.

Sasa twende chini. Kwa mizizi ya mathenge kuna bakteria wanaovuta naitrojeni hewani na kuipea mti, nao wanalipwa sukari. Mgunga wetu pia uko na dili kama hiyo. Ndiyo maana mchanga wa chini ya mathenge mara nyingi una rutuba kushinda ule wa jua kali.

So noma iko wapi? Migunga, miswaki na nyasi zikichanganyika, kila moja inaangusha msosi tofauti, na bakteria na kuvu wa kila aina wanapata riziki. Mathenge ikijifungia pori, menyu inabaki moja. Tena majani yake yana kemikali inayozuia mbegu za wengine kuota. Mfugaji anabaki na rutuba asiyoweza kulisha ng'ombe, na mbuzi walioharibika meno juu ya maganda matamu.

Ukiikata juu juu inachipuka tena. Chimba kisiki, kisha panda nyasi haraka, kabla mbegu zilizolala mchangani ziamke.