Koltani ya Rubaya na Daftari la Kituo cha Afya

Tarehe 13 Machi 2025 kampuni ya Alphamin ilisimamisha kazi katika mgodi wake wa bati wa Bisie, wilayani Walikale, mashariki mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, kwa kuwa wapiganaji wa kundi la waasi la M23 walikuwa wakiusogelea. Mgodi huo peke yake hutoa takriban asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani, na bati ndiyo inayolehemu vipande vidogo ndani ya simu na kompyuta. Habari ilipotoka, bei ya bati ikapanda katika soko la London. Siku sita baadaye mji wa Walikale ulitekwa. Wagonjwa wa mji huo hawana soko la kutangaza hali yao. Kujulikana kwao kulimtegemea muuguzi aliyebaki kazini, karatasi yake, na mtu wa kuifikisha karatasi hiyo ofisini.

Mambo haya mawili, madini na takwimu za afya, hujadiliwa kila moja kivyake. Wanasheria, wanaharakati na kampuni za teknolojia hubishana kuhusu madini: yametoka wapi, nani ametozwa kodi na nani mwenye bunduki. Wizara za afya na wafadhili nao huzungumzia mifumo ya kidijitali, tabuleti na takwimu. Kwa mtu wa Walikale au wa wilaya jirani ya Masisi, hata hivyo, uamuzi wa kampuni ya simu kuhusu madini ya Kivu ni uamuzi kuhusu afya yake, na takwimu ambazo zingeonyesha hivyo hukatika palepale uamuzi unapoumiza.

Tuanze na fedha. Nchini Kongo sehemu kubwa ya matibabu hulipwa na mgonjwa mwenyewe kutoka mfukoni. Katika kijiji kilicho jirani na mgodi, mfuko huo hujazwa na shimo hata kwa asiyechimba. Mama anayeuza maandazi, kijana wa pikipiki, mwenye shamba la maharage na mchungaji wa vilima vya Masisi wote humuuzia mchimbaji au wapagazi wake. Kabla ya Alphamin, madini ya Bisie yalibebwa mgongoni kupita msituni hadi Njingala, kisha yakapakiwa kwenye ndege ndogo zilizotua juu ya barabara ya lami pale Kilambo na kupelekwa Goma. Kila kituo njiani kilikuwa na wapishi, walinzi, wakopeshaji na watoza ushuru, wengi wa watoza hao wakiwa wamevaa sare. Fedha ileile iliyomlisha mwenye bunduki ndiyo iliyonunua dawa ya malaria ya mtoto. Ukweli huo ni mchungu, na sera nyingi zimejengwa kana kwamba nusu yake moja haipo.

Mfano wa wazi ni wa mwaka 2010. Tarehe 21 Julai mwaka huo Rais Barack Obama alitia saini sheria ya fedha ya Dodd-Frank. Kifungu chake cha 1502 kinazitaka kampuni zilizo katika masoko ya hisa ya Marekani zieleze kama bidhaa zao zina bati, tantali, tungsteni au dhahabu kutoka Kongo na nchi jirani. Mwezi Septemba Rais Joseph Kabila akasimamisha uchimbaji mdogo Kivu Kaskazini, Kivu Kusini na Maniema, amri iliyodumu hadi Machi 2011. Ilipoondolewa, viwanda vikubwa vya kuyeyusha madini vilikuwa vimejipanga kukataa mzigo wowote usio na lebo ya asili yake kuanzia Aprili. Masisi haikuwa na lebo. Rubaya ilizipata mwaka 2014. Kwa miaka hiyo ya katikati, mchimbaji aliuza kwa magendo au hakuuza kabisa.

Watu wa Kivu waliiita sheria ile kwa jina la Obama, na hawakuhitaji mtaalamu wa kuwaeleza ilichofanya. Mwaka 2016 watafiti watatu, Dominic Parker, Jeremy Foltz na David Elsea, walichapisha uchambuzi katika jarida la Journal of Law and Economics. Walilinganisha vijiji vilivyo karibu na migodi iliyoguswa na sera hiyo na vijiji vingine, na makadirio yao ya chini kabisa yalionyesha kuwa vifo vya watoto wachanga viliongezeka kwa asilimia 143. Maelezo yao ni kwamba akina mama walipungukiwa na uwezo wa kulipia huduma na mahitaji ya afya ya mtoto.

Sheria hiyo ina watetezi wa kuheshimiwa. Daktari Denis Mukwege, ambaye kwa miaka mingi amewafanyia upasuaji wanawake waliobakwa katika vita hivi, aliitetea waziwazi, na sababu zake zina uzito: fedha za madini hununua risasi, na risasi pia huua watoto. Siwezi kumpinga mtu aliyeona aliyoyaona katika hospitali yake ya Panzi. Lakini kutaka madini yasiyo na damu hakumfungi mtu macho asione nani analipia muda wa mpito. Mwaka 2010 mpito haukuwekewa bajeti yoyote ya kliniki.

Sasa jambo lenyewe limerudi, kubwa kuliko awali. Mwishoni mwa Aprili 2024 M23 waliiteka Rubaya, mji wa Masisi ambao vilima vyake hukadiriwa kutoa takriban asilimia 15 ya tantali ya dunia. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikadiria kuwa kundi hilo lilikusanya takriban dola 800,000 kwa mwezi kutokana na koltani, yaani madini yanayotoa tantali, na kwamba angalau tani 150 zilivushwa kwenda Rwanda na kuchanganywa na madini ya huko. Rwanda imekanusha kunufaika na magendo hayo. Desemba 2024 serikali ya Kongo ilifungua mashtaka ya jinai dhidi ya matawi ya Apple mjini Paris na Brussels. Apple ilikana vikali, ikaeleza kwamba mapema mwaka huo, vita vilipozidi, ilikuwa imewaagiza wasambazaji wake waache kununua bati, tantali, tungsteni na dhahabu kutoka Kongo na Rwanda. Waendesha mashtaka wa Ufaransa waliifunga kesi Februari 2025; Ubelgiji iliteua jaji wa kuchunguza. Mwezi huohuo wa Februari wizara ya madini mjini Kinshasa ikayapa machimbo ya Rubaya hadhi nyekundu, maana yake mzigo wake haufai kununuliwa.

Naona ni haki kampuni kubwa kiasi hicho iulizwe mahakamani ilijua nini. Kinachonisumbua ni kwamba agizo la kutonunua lilipokelewa na pande nyingi kama mwisho wa hadithi. Mashimo ya Rubaya hayakufukiwa. Mwenye mzigo unaokataliwa hana nguvu ya kupatana bei, kwa hiyo hasara ya agizo hushuka ngazi kwa ngazi hadi kwa aliye chini ya shimo, na kutoka kwake hadi kwenye dawati la kituo cha afya, mahali anapoamua kama mke wake ajifungulie pale au nyumbani. Kiasi gani? Hilo takwimu za afya zingepaswa kutujibu.

Wilaya ya Masisi ina zoni nne za afya: Masisi, Kirotshe, Mweso na Katoyi. Wilaya ya Walikale nayo ina nne: Walikale, Itebero, Kibua na Pinga. Katika kila kituo muuguzi mkuu huandika wagonjwa kwenye rejista, na mwisho wa mwezi hujumlisha kwa mkono na kujaza fomu ya taifa. Fomu hupelekwa ofisi kuu ya zoni, kwa miguu au kwa pikipiki, na huko mtu mmoja mwenye kompyuta huingiza namba katika DHIS2, mfumo uliobuniwa Chuo Kikuu cha Oslo na unaotumika katika makumi ya nchi. Mfumo ni mzuri, nasema hivyo bila kusita. Lakini una tabia ambayo wachache wanaosoma ramani zake wanaijua: usipopangwa vinginevyo, hauhifadhi sifuri. Kituo ambacho hakikupata kifo cha mzazi na kituo kilichoporwa, wahudumu wake wakakimbia, vyote viwili huacha nafasi tupu. Kuna kipimo kinachoonyesha ni vituo vingapi vimeleta ripoti, na msomaji makini hukitazama kwanza. Anayetengeneza jedwali la mkutano Kinshasa au Geneva mara nyingi hana muda huo. Januari 2025, maelfu ya watu walipokimbilia hospitali kuu ya rufaa ya Masisi kujikinga na risasi, asingetokea mtu wa kusema fomu za mwezi zitangulie.

Uchambuzi wa 2016 uliwezekana kwa sababu ya chanzo kingine: utafiti wa kaya wa DHS, unaomwuliza mama mlangoni kwake ni watoto wangapi amezaa na wangapi wako hai, hata kama kliniki ilifungwa. Programu hiyo ililipiwa na shirika la misaada la Marekani, USAID, tangu mwaka 1984. Ilikatizwa Februari 2025. Wakfu wa Gates ulitoa fedha za muda kuokoa sehemu yake.

Wengine wanaona tiba ni mawasiliano, nami nakubali kwa kiasi. Kongo iliizuia Starlink Machi 2024 kwa hofu kwamba waasi wangeitumia, kisha ikaipa leseni Mei 2025. Kituo cha Pinga chenye satelaiti kingeweza kutuma ripoti bila kungoja barabara, na programu ya DHIS2 ya simu huweza kujazwa bila mtandao ikatuma baadaye. Hata hivyo, kadiri data inavyosafiri kwa urahisi ndivyo hatari inavyobadilika sura. Rejista ya kituo ina majina ya waliobakwa na ya waliofika na jeraha la risasi. Daftari moja linaweza kufukiwa ardhini mji unapobadilisha mikono. Tabuleti yenye nywila iliyoandikwa nyuma yake ni jambo jingine. Kanuni ya Kidijitali ya Kongo, ya Machi 2023, inalinda taarifa binafsi, lakini ulinzi wake hauna askari Rubaya. Kwa hiyo jumla ziende mtandaoni na majina yabaki kwenye karatasi, hadi vita vitakapokwisha.

Kuhusu kampuni, njia ya kuanzia ipo tayari. Kila mwaka, kabla Mei haijaisha, kampuni zinazoguswa na kifungu cha 1502 huwasilisha ripoti kwa tume ya masoko ya hisa ya Marekani zikieleza asili ya madini yao, na kubwa kati yao huorodhesha majina ya viwanda vya kuyeyusha madini kwa kurasa nyingi. Ripoti ya kampuni inayojitoa Masisi au Walikale inaweza kubeba ukurasa mmoja zaidi: ni zoni zipi za afya zinaguswa, vituo vingapi vya zoni hizo vimeleta takwimu miezi mitatu kabla na mitatu baada ya agizo, na kampuni imelipia nini ili wajawazito na watoto wa zoni hizo watibiwe bure katika kipindi hicho. Kampuni inayojua jina la kila kiwanda kinachoyeyusha bati yake ina uwezo wa kujifunza majina manane ya zoni za afya.