Umeme Safi Hulipiwa Mapema

Kisima kipya cha mvuke kinapofunguliwa kwa mara ya kwanza huko Olkaria, kusini mwa Ziwa Naivasha, hakuna anayekisogelea bila kuziba masikio. Mvuke hupanda kutoka kina cha kilomita mbili au tatu kwa mngurumo unaosikika hadi kifuani, na wingu jeupe huonekana kutoka mbali. Wahandisi huuacha utoke kwa wiki kadhaa, wakipima joto lake, mgandamizo wake na kiasi cha maji yanayopanda nao. Kufikia siku hiyo mamilioni ya dola yameshazama ardhini, na hadi valvu ilipofunguliwa hakuna aliyekuwa na hakika kwamba kisima kingetoa kitu.

Watu wengi wakizungumzia dunia kuachana na makaa ya mawe na mafuta, mazungumzo huishia kwenye mitambo: paneli za jua, mitambo ya upepo, betri. Mitambo hiyo ipo na inafanya kazi. Shirika la Kimataifa la Nishati Jadidifu linaonyesha kwamba gharama ya kuzalisha umeme wa jua katika vituo vikubwa ilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya mwaka 2010 na 2023. Kinachoamua nchi ipi ihame haraka na ipi ichelewe ni jambo lisilopigwa picha: umeme safi hulipiwa karibu wote kabla haujawaka. Asiyelielewa hilo hataelewa kwa nini bara lenye jua na joto la ardhini kwa wingi kiasi hiki bado lina mamilioni ya watu gizani.

Kwa nini haraka

Hewa ya ukaa hupitisha mwanga wa jua ukafika ardhini, lakini hunasa sehemu ya joto ambalo ardhi hulirudisha juu. John Tyndall alilipima jambo hilo kwa vifaa vya maabara London mwaka 1859, na mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Sweden akakokotoa jinsi ongezeko la hewa hiyo litakavyoipasha dunia joto. Kabla ya zama za viwanda, katika kila molekuli milioni moja za hewa, takriban 280 zilikuwa za hewa ya ukaa. Charles David Keeling alipoanza kupima juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii, mwaka 1958, zilikuwa zimefika 315 hivi. Leo zimepita 420.

Tunajuaje kwamba nyongeza hiyo imetokana na moto wetu, wala si volkano au bahari? Kaboni yenyewe ndiyo shahidi. Mimea hupendelea kufyonza kaboni nyepesi, na makaa ya mawe na mafuta ni mabaki ya viumbe vya kale, kwa hiyo kaboni yake ni nyepesi vilevile. Isitoshe, mabaki hayo yamekaa chini ya ardhi muda mrefu kiasi kwamba kaboni-14, ambayo huoza polepole, imekwisha kabisa ndani yake. Vipimo vya hewa ya dunia vinaonyesha mambo yote mawili: kaboni inazidi kuwa nyepesi, na kaboni-14 imezidi kuzimuliwa na ile iliyotoka kwenye fueli. Huo ni ushahidi wa kimaabara, hautegemei maoni ya mtu.

Takriban nusu ya hewa ya ukaa tunayoitoa kila mwaka humezwa na bahari, misitu na udongo. Inayobaki hujilimbikiza angani, na sehemu yake itakaa huko maelfu ya miaka. Ndiyo maana kupunguza moshi kidogo hakutoshi. Joto litaendelea kupanda hadi kile tunachokitoa kikaribie sifuri. Na kwa kuwa kituo cha makaa ya mawe kikishajengwa huweza kufanya kazi miaka 40, mkataba unaosainiwa mwaka huu unaamua hewa ya wajukuu.

Afrika hutoa chini ya asilimia 4 ya hewa ya ukaa inayotokana na fueli duniani, lakini madhara hayaangalii mgawo huo. Kila nyuzi moja ya joto inayoongezeka huipa hewa uwezo wa kubeba unyevu zaidi kwa takriban asilimia 7. Kwa hiyo mvua ikija, huja kwa fujo. Isipokuja, hewa hiyohiyo hunyonya maji ya udongo kwa kasi zaidi. Ukame ulioikumba Pembe ya Afrika, Kenya ikiwamo, kuanzia mwishoni mwa 2020 ulipitia misimu mitano mfululizo ya mvua haba. Wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution walionyesha mwaka 2023 kwamba mabadiliko ya tabianchi yameongeza uwezekano wa ukame wa aina hiyo angalau mara 100, hasa kwa sababu joto lilikausha hata kile kidogo kilichonyesha.

Ukame huo ni suala la umeme pia. Kenya ilitegemea sana mabwawa ya Mto Tana, na ukame wa miaka ya 1999 na 2000 ukaiingiza kwenye mgawo mkali. Watanzania nao wanajua maana ya kina cha bwawa la Mtera kushuka. Nchi inayotegemea maji peke yake huikosa nishati wakati uleule ambao tabianchi inaibana zaidi.

Joto lililo karibu

Chini ya Bonde la Ufa ardhi inapasuka polepole. Gamba la dunia limekuwa jembamba, na mwamba ulioyeyuka uko karibu na uso kuliko sehemu nyingi za bara. Joto peke yake halitoshi, hata hivyo. Yanahitajika maji, na mwamba wenye nyufa ambamo maji hayo yatapita, na juu yake tabaka lisilopitisha, ili mvuke usitoroke. Olkaria ina vyote, na ndani ya visima vyake joto hupita nyuzi 300 za selsiasi.

Mvuke ukifika juu huingia kwanza kwenye kitenganishi. Maji yenye chumvi na madini huelekezwa upande mmoja, mvuke mkavu huenda kuzungusha turbaini, na sehemu kubwa ya maji hurudishwa chini kupitia visima vingine ili hifadhi isikauke. Kati ya visima na kituo yanapita mabomba mapana yaliyofunikwa kuzuia joto lisipotee. Kila baada ya umbali fulani bomba hupinda likapanda na kushuka. Mpindo huo huliwezesha kutanuka linapopata joto bila kupasuka, na sehemu zilizoinuliwa huacha njia kwa twiga na nyati wa Hifadhi ya Hell's Gate.

Mvuke hauji safi kabisa. Hubeba hewa ya ukaa kidogo na gesi yenye harufu ya yai bovu. Lakini kwa kila uniti ya umeme, hewa ya ukaa inayotoka Olkaria ni sehemu ndogo sana ya ile ya kituo cha makaa ya mawe. Muhimu zaidi, mvuke hausubiri mvua, jua wala upepo. Kwa sasa Kenya hupata takriban asilimia 40 ya umeme wake kutoka ardhini, na ukijumlisha maji, upepo na jua, takriban asilimia 90 ya umeme inaouzalisha hautokani na fueli.

Kujenga na kupanga

Mafanikio hayo hayakuja kwa haraka. Afrika ilianza na kituo kidogo cha Kiabukwa, Katanga, nchini Kongo, mwaka 1952, cha megawati 0.2 tu. Huko Olkaria, visima viwili vya kwanza vilichimbwa kuanzia mwaka 1956, havikutoa mvuke wa kutosha, na kazi ikasimama. Ilirudiwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa. Mtambo wa kwanza, wa megawati 15, uliwaka mwaka 1981, yaani miaka 25 tangu majaribio yale ya mwanzo. Leo Olkaria inakaribia megawati elfu moja.

Hakuna mfanyabiashara ambaye angevumilia miaka 25. Aliyevumilia ni serikali pamoja na wakopeshaji wa umma waliokubali riba ndogo. Hapa ndipo umeme safi unapotofautiana na wa mafuta, kama kujenga nyumba kunavyotofautiana na kupanga. Kituo cha dizeli hujengwa kwa fedha kidogo, halafu mafuta hulipiwa kila siku hadi kituo kife. Mkenya anayenunua tokeni za umeme huiona bili hiyo katika ujumbe wa simu: kuna tozo ya mafuta inayopanda na kushuka pamoja na soko la dunia. Kituo cha mvuke, cha jua au cha upepo ni kinyume chake. Fueli yake ni bure, lakini visima, paneli na nyaya vyote hulipwa mwanzoni, kwa mkopo.

Hesabu yake ni hii. Chukua mkopo wa dola milioni 100 unaolipwa kwa miaka 25. Kwa riba ya asilimia 3, marejesho ni dola milioni 5.7 kwa mwaka. Kwa riba ya asilimia 12, ni milioni 12.75. Kisima ni kilekile, mvuke ni uleule, wahandisi ni walewale, lakini mwananchi wa nchi inayokopeshwa kwa bei ghali analipia mtaji zaidi ya mara mbili. Kituo cha dizeli hakiumizwi na riba kwa kiasi hicho, kwa sababu gharama yake kubwa ni mafuta. Ndiyo maana nchi maskini hujikuta zinachagua umeme mchafu ulio ghali kwa muda mrefu, huku umeme safi ulio nafuu uko chini ya miguu yao. Mwaka 2024 uwekezaji wa dunia katika nishati safi ulifika takriban dola trilioni 2 kwa hesabu za Shirika la Kimataifa la Nishati. Afrika, yenye karibu moja ya tano ya watu wote, ilipata asilimia 2 au 3 tu.

Kenya ilipata njia ya kupunguza mzigo huo. Iliunda kampuni ya umma, GDC, inayobeba hatari ya kuchimba, kisha kuuza mvuke kwa kampuni binafsi zinazojenga mitambo. Katika kasoko ya Menengai, juu ya mji wa Nakuru, mtambo wa kwanza wa utaratibu huo, wa megawati 35, ulianza kuzalisha mwaka 2023. Mwekezaji anayekuta mvuke tayari umepimwa hukopeshwa kwa urahisi. Tangu mwaka 2012 upo pia mfuko wa Kamisheni ya Umoja wa Afrika, ulioanzishwa pamoja na Ujerumani na Ulaya, unaotoa ruzuku ya visima vya utafiti kwa nchi za Afrika Mashariki. Tanzania, yenye dalili nzuri Ngozi, Songwe na Kiejo-Mbaka kusini-magharibi mwa nchi, inaweza kuufuata mwendo huu bila kuanza tangu alifu.

Kazi iliyobaki

Umeme mwingi hauna maana usipofika kwa saa inayotakiwa. Matumizi ya Kenya hufika kilele jioni, watu wanaporudi nyumbani. Baada ya saa sita usiku hushuka, na mara nyingine mvuke wa Olkaria huachiwa hewani kwa kukosa mnunuzi, ingawa kisima kimeshalipiwa. Dawa yake inajulikana: kuchaji mabasi na pikipiki za umeme usiku kwa bei nafuu, kupikia umeme, kuhifadhi kwa betri, na kuuziana na majirani. Njia ya kilovoti 400 inayopita Namanga imeshaunganisha gridi za Kenya na Tanzania, na mabwawa ya upande mmoja yanaweza kupumzika mvuke wa upande wa pili unapofanya kazi.

Wapo pia waliolipa kwa namna nyingine. Jamii za Wamaasai zilihamishwa mwaka 2014 kupisha Olkaria IV, na baadhi ya wanajamii wakapeleka malalamiko Benki ya Dunia na Benki ya Uwekezaji ya Ulaya kuhusu ardhi na makazi waliyopewa. Ilibidi upatanishi rasmi ufanyike. Mradi unaodai kuwa safi hauna budi kuwa safi pia kwa aliyekuta wachimbaji wanabisha hodi, na hati ya ardhi yake mpya iwe mkononi kabla mtambo wa kwanza haujafika.

Hukumu ya Lamu inaonyesha kwamba wananchi wana sauti. Mwezi Juni 2019 jopo la rufaa za mazingira la Kenya lilifuta leseni ya kituo cha makaa ya mawe cha megawati 1,050, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kukataa kibaya ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni kudai kizuri kwa maswali mahususi: serikali imetenga kiasi gani kwa visima vya utafiti mwaka huu, mkopo umechukuliwa kwa riba gani, na nani atabeba hasara kisima kikitoka kitupu? Waziri anayesimama bungeni kusifu nishati safi bila majibu ya maswali hayo matatu bado hajaanza kuijenga, na wapiga kura wana haki ya kumwambia hivyo.