Karai la Chipsi na Figo
Viazi vya Lushoto vikichemshwa na kupewa kabichi pembeni, figo hazina neno. Kasheshe ni karai la chipsi, mafuta yanaporudiwa mpaka yanakuwa meusi.

Wengi hudhani mafuta huganda ndani ya figo. Sivyo. Madhara yake hupita njia ya kuzunguka: unene, kisukari, shinikizo la damu. Hayo ndiyo huchakaza vichujio vidogo, takriban milioni 1 kwa kila figo, na mtu anaweza kukaa miaka bila kuhisi lolote. Kipimo cha mkojo huonyesha mapema protini inayovuja.

Figo zikishindwa kabisa, ni mashine ya kusafisha damu, kwa kawaida mara 3 kwa wiki. Njia nyingine ni kupandikiza figo: Hospitali ya Muhimbili ilianza Novemba 2017, lakini iko Dar es Salaam, mbali na Lushoto kwenye milima ya Usambara.