Tumalize kazi tulizoanza

Nani kati yetu hana kikapu chenye kroshe iliyoachwa nusu? Shali ya mtoto tuliianza mwezi wa 1. Mwezi wa 6 baridi ya Lubumbashi iliingia, mtoto akazaliwa, na shali bado.

Mama zetu waliosoma ushonaji kwenye fwaye za Union Minière hawakupenda kazi ya nusunusu. Basi Jumamosi tulikutana Katuba, watu wanne. Kila mmoja alifuma miraba yake kwa uzi uleule na sindano ya unene uleule, ili miraba ilingane. Jioni tukaiunganisha, na mtoto akafunikwa.

Sasa tunashona blanketi la vikwembe vya mwenzetu marehemu, kwa ajili ya binti zake. Vifueni kabla ya kuvikata, visije vikaruka baadaye. Leteni na vikapu vyenu.