Umepata kazi nyingi mtandaoni na unahitaji msaidizi? Panga haya kabla ya kumtumia kazi

Katika makazi ya wakimbizi nchini Uganda, kuanzia Nakivale hadi Kyaka II na Kyangwali, wapo watu wanaojitafutia riziki kwa kazi za mtandaoni: kutafsiri, kuandika maneno yaliyo kwenye rekodi za sauti, kuchora nembo, kuingiza takwimu kwenye majedwali. Kazi hizi hazina mpangilio. Wiki mbili hakuna kitu, halafu mteja mmoja anatuma saa 10 za sauti na anataka ziishe Ijumaa. Kuandika saa moja ya mazungumzo huchukua saa 4 au zaidi hata kwa mtu aliyezoea. Hapo ndipo wengi huanza kutafuta msaidizi wa mbali, yaani mtu anayekusaidia kupitia simu au kompyuta akiwa kwake, iwe ni katika makazi mengine au mjini Kampala.

Kisheria hakuna tatizo. Sheria ya Wakimbizi ya Uganda ya mwaka 2006 inampa mkimbizi aliyetambuliwa haki ya kupata kazi na kujishughulisha. Matatizo hutokea kwingine.

Akaunti ni yako peke yako

Njia ambayo watu huishika kwanza ndiyo mbaya kuliko zote: kumpa msaidizi neno la siri ili aingie kwenye akaunti yako ya Upwork au Fiverr na kuendelea na kazi. Tovuti hizi hutoa akaunti kwa mtu mmoja aliyethibitishwa kwa kitambulisho chake, na haziruhusu kuigawana. Kwenye Upwork, kazi inayolipwa kwa saa hupimwa na programu inayopiga picha ya skrini yako takriban kila baada ya dakika 10. Anayelipa anaamini kuwa aliye mbele ya skrini hiyo ni wewe. Ikigundulika kuwa ni mtu mwingine, akaunti inaweza kufungwa, na sifa ulizokusanya kwa miaka zinapotea pamoja nayo. Kufungua nyingine si rahisi, hasa ukikumbuka ilivyokuwa shida kukubaliwa kitambulisho cha mkimbizi mara ya kwanza.

Kwa hiyo msaidizi afanye kazi nje ya akaunti. Wewe pokea kazi, mpe sehemu yake, akurudishie, uikague, kisha uitume mwenyewe. Na mteja ajue. Mwandikie kwa maneno machache kwamba kazi ni kubwa, una mwenzako atakayekusaidia sehemu fulani, na wewe ndiye utakayekagua yote. Wapo wateja watakaokataa, lakini wengi wanachotaka ni kazi nzuri kwa wakati. Kama unaona utakuwa na wasaidizi mara kwa mara, Upwork ina akaunti ya kikundi kwa ajili hiyo, ambapo kila mtu anaingia kwa jina lake.

Sauti unazosikiliza zina wenyewe

Jambo hili halitajwi sana, nasi tunaliona kuwa zito kuliko suala la akaunti. Sehemu kubwa ya kazi ya Kiswahili, Kinyarwanda, Kibembe au Kifuliiru inayotoka kwa watafiti na mashirika ni mahojiano na wakimbizi wenzetu. Mama anaeleza kilichompata njiani. Kijana anataja kundi alilolikimbia na kijiji alichotoka. Aliyemhoji alimwahidi kwamba maneno yake hayatatoka nje. Ahadi hiyo imekufikia wewe pamoja na faili.

Sasa fikiria unamtumia faili hilo msaidizi aliyetoka Fizi au Uvira, kama aliyehojiwa. Hata kama jina halikutajwa, sauti inatambulika, na lafudhi pia. Sisi tunaishi karibu karibu, na habari husafiri kutoka makazi hadi makazi kwa simu moja tu. Anayeweza kuumia hapo ni mtu ambaye hakukujua wala hakukuchagua.

Kama rekodi ina mahojiano ya watu, usimpe msaidizi mpaka mteja akubali kwa maandishi. Asipokubali, ifanye mwenyewe na umwombe muda zaidi. Akikubali, epuka kutuma kwa WhatsApp, kwa sababu faili hubaki kwenye simu, na simu nyingi zetu hutumiwa na nyumba nzima. Weka faili kwenye hifadhi ya mtandaoni kama Google Drive, mpe ruhusa mtu huyo mmoja, na uiondoe kazi ikiisha. Mwambie asikilize kwa vipokea sauti vya masikioni, asiweke spika. Uganda ina Sheria ya Ulinzi wa Data na Faragha ya mwaka 2019, na kutoa taarifa binafsi za mtu bila idhini ni kosa chini yake.

Kazi nyingine haina hatari hiyo. Msaidizi anaweza kusahihisha tahajia kwenye maandishi yaliyokwisha ondolewa majina, kupanga majedwali, kutengeneza ankara, kukusanya maneno magumu ya afya au kilimo pamoja na tafsiri zake. Kusema kweli, kwa wengi msaada wa namna hii unatosha.

Malipo yasemwe mwanzoni

Panga bei kwa kipimo kinachohesabika: dakika za sauti, idadi ya maneno au kurasa. Anza na kipande kidogo cha kumpima, na kipande hicho kilipwe. Kumfanyisha mtu "jaribio" la bure na kisha kumtumia mteja kazi yake ni wizi, hata kama ni mdogo wako.

Ujumbe wa kwanza unaweza kuwa mfupi hivi: "Dada, nakutumia dakika 20 za semina ya kilimo. Nitakulipa shilingi 10,000. Naomba unirudishie kesho saa kumi jioni. Ukikwama, niambie mapema. Bando ni juu yangu." Hiyo 10,000 ni mfano tu, lakini ujumbe umetaja kazi, bei, muda na nani anabeba gharama ya intaneti. Tangu mwaka 2021 serikali ya Uganda inatoza kodi ya asilimia 12 kwenye data, kwa hiyo bando si jambo la kupuuza. Kutoa pesa kwenye simu nako kuna kodi ya asilimia 0.5, mbali na ada ya kampuni. Kwenye shilingi 100,000 hiyo ni 500. Semeni mapema nani anaibeba.

Lipa kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la msaidizi mwenyewe. Tangu Agosti 2019, mkimbizi nchini Uganda anaweza kusajili laini kwa kadi ya mkimbizi au barua ya uthibitisho kutoka Ofisi ya Waziri Mkuu. Bado wapo wanaotumia laini ya jirani, na pesa ikifika huko anayeimiliki ni jirani.

Halafu kuna swali la siku ambayo mteja amechelewa kukulipa. Msaidizi hakufanya mapatano na mteja, alifanya na wewe. Weka akiba ya kumlipa kabla ya kumpa kazi, au mwambie wazi kabla hajaanza kwamba atalipwa mteja akilipa, naye aamue kama anakubali. Jumbe za mapatano zihifadhiwe pande zote mbili. Mkikosa kuelewana na mnaishi makazi mamoja, viongozi wa baraza la wakimbizi, RWC, husikiliza madai ya namna hii, na kitu cha kwanza watakachoomba kuona ni jumbe hizo.